Picha ndogo, sogea uione

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu hamjambo. Vijana mliokaa kule nyuma naomba msogee mbele, viti vipo, maana kitu nilichokuja nacho leo ukiwa mbali hukioni, na habari yangu yote inaanzia hapo hapo kwenye kusogea.

Tuliambiwa kila mzungumzaji aje na picha moja tu kati ya zile alizonazo nyumbani. Mimi ninazo kumi na nne, nimezikusanya taratibu kwa miaka mingi, na kuna moja ni kubwa kiasi kwamba kuihamisha lazima mshike watu wawili. Wageni wakija hiyo kubwa ndo wanayoisimamia, wanaisifia, wanapiga nayo selfi. Lakini nilivyoambiwa chagua moja, mkono ulienda wenyewe kwa hii hapa. Nimeizungushia taulo, nikaitia kwenye begi la laptop, nikaipakata njia nzima kama mtoto.

Ni ndogo. Bila fremu ina sentimita 18 kwa 24, nikipanga viganja vyangu viwili hivi vinaifunika karibu yote. Ni rangi za mafuta juu ya kipande cha ubao mwembamba. Kilichochorwa ni kiti kimoja cha mbao, juu ya kiti kuna kikombe cheupe, na nyuma mlango uko wazi nusu, mwanga unaingia. Basi. Hamna mtu, hamna milima, hamna kisa. Chini kulia kuna herufi mbili za mchoraji.

Ilikuwa ya shangazi yangu. Aliinunua akiwa binti, mshahara wake wa kwanza, kwa mchoraji mwenyewe mkono kwa mkono, na hakuiweka sebuleni, aliitundika chumbani kwake kando ya kitanda, pale mtu akilala ubavu macho yanapofikia. Sisi watoto asubuhi tukiingia kumwamkia tulikuwa tunaiona tu pale, na siku moja nikamuuliza shangazi mbona hiki kiti hakina mwenyewe, akanijibu mwenyewe kaenda kufungua mlango, subiri, atarudi. Nina mvi sahivi na bado nikiitazama namsubiri huyo mtu.

Sasa naomba niwaambie ninachokiona mimi nikiikaribia, maana nadhani hapo ndo tofauti ya picha ndogo na kubwa ilipo na watu wengi hawaizungumzii, wanadhani ndogo ni kubwa iliyopungua. Sivyo kabisa. Picha kubwa inakufuata, hata ukiwa mlangoni imeshakufikia, yenyewe inakuambia simama hapo hapo nikuoneshe. Ndogo haikuiti. Inakaa kimya mpaka uamue mwenyewe kuinuka, kwenda, kuinama kidogo, na ukishafika pale hamuwezi kuwa watu kumi, mko wawili, wewe na yenyewe, labda na mmoja anayechungulia begani kwako.

Ukiwa mita tatu unaona kiti na kikombe. Ukifika mita moja unaanza kushangaa kwamba kivuli cha kile kiti hakina weusi wowote, ni zambarau iliyochanganyika na kijani iliyofifia, na ukutani ambako ulidhani ni nyeupe kuna waridi, kuna bluu, kuna rangi ya mchanga. Ukifika kiasi cha shubiri moja kutoka usoni, hapo kikombe kinavunjika. Yaani hukioni tena kikombe, unaona mistari mitatu ya rangi: mmoja wa kijivu, mmoja wa krimu, na mmoja mweupe mnene wa ukingo wa juu, ambao amevuta brashi mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, rangi ikaja nyingi mwanzoni ikaisha mwishoni, na pale ilipoisha imenyanyuka kidogo kama kilele cha wimbi. Na ndani ya huo weupe kuna unywele mmoja wa brashi umenasa. Mfupi, kama nusu ya ukucha wa kidole kidogo. Mchoraji hakuutoa, labda hakuuona, labda aliuona akaogopa kuharibu ule mstari maana mstari kama ule haurudiwi. Mimi ule unywele naupenda kuliko kiti.

Alafu kuna mguu wa nyuma wa kiti. Ukiweka tochi kwa pembeni, si mbele, kwa pembeni ili mwanga uteleze juu ya rangi, unaona mfereji mwembamba chini ya rangi ya sakafu, kumbe mguu alishauchora mahali pengine, karibu na mlango zaidi, akaona haukai, akaufunika akauleta huku. Nimeishi na hii picha miaka mingi kabla sijaliona hilo. Kwa hiyo mtu akiniambia picha ndogo unaimaliza haraka huwa namuuliza ameitazama kwa mwanga gani.

Na wala si mapenzi yangu tu ya nyumbani, hata zile zinazoheshimiwa duniani kote nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ile picha ya mchoraji Salvador Dalí ya mwaka 1931, yenye saa zilizolegea kama nguo zilizoanikwa, ukiiona kwenye vitabu unaweza kudhani inajaza ukuta mzima, kumbe ni sentimita 24 kwa 33, inaingia kwenye mkoba. Vermeer, mchoraji wa zamani wa Uholanzi, ana picha ya msichana anayesuka lesi, iko makumbusho ya Louvre kule Paris, haifiki hata sentimita 25 upande wake mrefu, na ukiikaribia zile nyuzi nyekundu na nyeupe zinazomwagika kutoka kwenye mto wake wa kushonea si nyuzi tena, ni rangi iliyoachwa itiririke. Amefanya vile vile kama huyu wangu wa kikombe: karibu ni rangi, mbali ni kitu. Sisemi picha ya shangazi ni sawa na Vermeer, nasema jicho linafanya kazi ile ile.

Nyingine ni ile ya chiriku, ndege mdogo amefungwa kijimnyororo mguuni, amekaa juu ya kisanduku chake cha chakula kilichopigiliwa ukutani. Aliichora Carel Fabritius mwaka 1654, sentimita 33 na nusu kwa 23 kasoro kidogo, juu ya ubao. Mwaka huo huo, tarehe 12 Oktoba, ghala la baruti lililipuka kwenye mji wa Delft alikokuwa anaishi, likabomoa sehemu kubwa ya mji, na yeye akafa akiwa na miaka 32. Kazi zake zilizobaki ni chache mno. Hiyo ya ndege ipo, iko makumbusho ya Mauritshuis kule The Hague, na watu wanapanga foleni wakainamie ndege ambaye angeweza kutua kiganjani. Ukimtazama bawa lake, lile doa la njano, amelipiga kwa rangi nene alafu akalikwaruza kwa kitu kigumu, huenda ncha ya mpini wa brashi. Sekunde chache za kazi, na zimepita miaka zaidi ya 360.

Kuna kisa kingine nakipenda nikisimulie upesi. Mwaka 1880 mchoraji Mfaransa Édouard Manet alimuuzia mtu mmoja mwenye kukusanya picha, Charles Ephrussi, picha ya kifungu cha asparagasi, yaani yale machipukizi ya mboga. Bei ilikuwa faranga 800, Ephrussi akamtumia 1,000. Manet badala ya kurudisha chenji akakaa akachora kapicha kengine, sentimita 16 na nusu kwa 21 na nusu, asparagasi moja tu imelala ukingoni mwa meza, akamtumia na ujumbe kwamba kwenye kifungu chako ilipungua moja. Sahivi hako kapicha kako makumbusho ya Musée d'Orsay kule Paris. Ukiniuliza mimi ile moja ni picha nzuri kuliko kifungu kizima, na nadhani ni kwa sababu aliichora bila kuwa na deni na mtu.

Na kwa wale wanaosema kukusanya picha ni mambo ya matajiri, mimi huwa nawataja Herbert na Dorothy Vogel wa New York. Mume alikuwa anachambua barua posta, mke alikuwa mfanyakazi wa maktaba. Wakakubaliana mshahara wa mke ndo wa kula na kulipa kodi, wa mume ni wa picha. Na walikuwa na masharti mawili: kitu kiwe cha bei wanayoiweza, na kiwe kidogo cha kubebeka kwenye treni ya chini ya ardhi au teksi na kuingia kwenye nyumba yao ya chumba kimoja cha kulala. Ndani ya hiyo nyumba walirundika kazi zaidi ya 4,000, chini ya kitanda, chooni, kila mahali, na kuanzia mwaka 1992 wakaanza kuzikabidhi kwa makumbusho ya taifa ya sanaa kule Washington. Walikuwa wanaweza kuuza wakatajirika. Hawakuuza. Wenzangu wenye vyumba viwili vitatu mnaonaje, sisi tunashindwa na nini? Udogo wa kitu ndo uliowapa wale wazee ruhusa ya kuingia kwenye hii dunia.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na naomba mnisikilize kwa makini maana sitaki limkute mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita fremu ya zamani ya hii picha ilianza kuachia kona. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu, jina lake silitaji, kazi yake kwa mbele ilikuwa nzuri sana, niliifuata nikakuta kona zimekaa sawa, mbao imepakwa vizuri, na ameongezea kioo ambacho mimi sikukiomba lakini kilikuwa kinang'aa. Nikafurahi nikalipa. Nimefika nyumbani nataka kuitundika, nikaigeuza nipime waya, nikakuta nyuma pamebandikwa kadibodi mpya ya kahawia, gundi pande zote nne. Ile kadibodi ya zamani haipo.

Kwenye ile kadibodi ya zamani kulikuwa na mwandiko wa shangazi. Kwa penseli. Tarehe aliyoinunua, alicholipa, jina la mchoraji kamili, na sentensi moja ambayo mchoraji alimwambia siku ile wakati anampa: iweke mahali unapokaa, usiiweke mahali unapopita. Nikarudi mbio, nafika pale jasho linanitoka, naambiwa ile karatasi chafu? Tumeshaitupa zamani. Na shangazi alikuwa ameshafariki, hapakuwa na mtu wa kumuuliza tena. Ile sentensi naikumbuka kwa sababu alikuwa anapenda kuirudia, lakini tarehe siikumbuki, na jina la mchoraji, jamani, nilikuwa nalisoma utotoni kila nikiigeuza na halijanirudia mpaka leo, zimebaki hizi herufi mbili za mbele.

Kosa la nusu ni langu. Nilikuwa na simu yenye kamera mfukoni miaka yote ile na sikuwahi kuipiga nyuma. Mbele nimeipiga mara mia.

Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani, kabla hujala kabla hujavua viatu, geuza picha zako. Piga nyuma kila kitu, mwandiko, muhuri wa duka la rangi, lebo ya maonesho, namba ambayo huielewi, hata misumari na jinsi ilivyopigwa, na upige na rula pembeni ili vipimo vionekane. Wataalamu wa makumbusho hivyo hivyo, nyuma ya picha wanaisoma kama cheti cha kuzaliwa. Ukiipeleka kwa fundi mwambie kwa mdomo na mwandikie kwenye risiti: usitupe chochote. Na kama una mzazi au shangazi au yeyote anayejua picha imetoka wapi, kaa naye umrekodi wakati bado anakumbuka, swali la nani alichora, lini, ilikuwaje mpaka ikaja hapa ndani, dakika kumi tu.

Na kile kioo nacho kilikuwa kimelala moja kwa moja juu ya rangi. Picha ya mafuta haitakiwi kugusana na kioo, lazima kuwe na kijinafasi kati yao, vijiti vyembamba vinawekwa pembezoni ndani ya fremu. Nilipokitoa nikaangalia ule mstari mweupe wa kikombe, kile kilele cha mwishoni kimekwanguka. Kidogo tu, mtu mwingine hawezi kujua. Mimi najua. Unywele bado upo, nilishukuru Mungu kwa ule unywele.

Matunzo mengine nitayapitia haraka. Mwanga ndo adui wa kwanza kwa sababu unachokula haukirudishi, na unajumlisha, dakika za leo zinaongezwa kwenye za jana. Makumbusho picha za rangi za maji na karatasi huwekewa mwanga wa kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), za mafuta kama 200, na jua la mchana likipiga moja kwa moja linaweza kufika lux 100,000, kwa hiyo ukuta unaopigwa na jua la dirishani si mahali pa picha hata kama panapendeza. Lakini pia usiende ukaifungia kabatini ukadhani ndo umeitunza, mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi yakikaa gizani muda mrefu yanageuka manjano. Inahitaji mwanga wa kawaida wa chumba, uliopoa. Ukuta wenye unyevu hapana, unyevu ukipanda na kushuka mbao inavimba na kusinyaa na rangi iliyo juu yake inapasuka. Karibu na jiko hapana, moshi na mafuta vinaganda juu. Na vumbi usilifute na kitambaa kibichi, nawaomba sana, na wala msiwasikilize wanaosema sugua na kiazi au mkate, chukua brashi laini kavu, ile ya nywele laini kabisa, pitisha kwa juu juu, na ukiona rangi imeanza kujinyanyua magamba usiguse kitu, tafuta mtaalamu wa kurekebisha picha.

Jambo la kimo cha kutundika hapo nabishana na vitabu. Wanasema katikati ya picha pawe kama sentimita 145 mpaka 155 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na kwa makumbusho ni sawa kwa sababu pale watu wanatembea. Nyumbani hatutembei, nyumbani tunakaa. Hii yangu nimeishusha, iko usawa wa macho yangu nikiwa kwenye kiti changu cha jioni, na imekaa peke yake, sijaizungushia nyingine sita kama mapambo, maana kitu kidogo ukikizungushia kelele hakisikiki. Wageni wanaona imetundikwa chini mno, wananiambia hujapima vizuri. Nimepima. Nimepima kwa kukaa.

Mtu mmoja hapa kabla hatujaanza aliniuliza, je ina thamani gani. Sokoni nadhani kidogo sana, ubao mwembamba, mchoraji asiyetajwa popote, na karatasi yake ya nyuma nimeipoteza. Lakini ubao duni haujawahi kuizuia picha kuwa picha. Georges Seurat kabla hajachora ile kubwa yake ya watu wa mtoni wanaopumzika Jumapili, yenye upana wa mita tatu, alikuwa anakwenda pale pale mtoni na vibao vidogo vya kama sentimita 16 kwa 25, vinaingia ndani ya sanduku lake la rangi, akavichora vingi sana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alikuwa anatumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mimi mtu akinionesha kapicha kwenye ubao mwembamba sianzi kuuliza ubao ni wa nini, nainama kwanza.

Basi, nimeshaitoa kwenye taulo, nimeiegesha pale kwenye meza karibu na dirisha, jua limeshageuka upande wa pili kwa hiyo haina shida. Njooni wawili wawili msibanane. Tochi hii hapa, ishikeni kwa ubavuni hivi, mkono usiguse rangi. Anzeni na mguu wa nyuma wa kiti alafu mpande taratibu mpaka kwenye kikombe, upande wa kulia wa ule weupe, pale unapoishia. Atakayeuona unywele aniambie.